Barua ya wazi kwa wakuu wa Dar es Salaam: tupangisheni chumba jioni, mtuelekezee wagonjwa

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Mganga Mkuu wa Mkoa, na Wakurugenzi wa halmashauri za Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

YAH: MIKUTANO YA WATU WANAOACHA POMBE

Waheshimiwa,

Sitaki fedha zenu. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua barua nyingi zinazofika mezani kwenu huanza na salamu na kuishia kwenye bajeti. Kundi letu lina mwiko wa kupokea michango ya nje, na mwiko huo nitaueleza huko mbele, maana nahisi ndio utakaowasumbua kuliko ombi lenyewe.

Mimi ni mlevi. Pombe sijaigusa kwa miaka sasa, ila kwetu hatusemi "nilikuwa mlevi", kwa kuwa tumeshawazika waliojiona wamehitimu. Naishi Temeke, natunza hesabu za duka moja Kariakoo, na jioni kadhaa za wiki nakaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na watu wengine waliokunywa hadi wakakosa pa kutokea. Ninachoomba ni hiki: mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto aliyeamka leo mikono inatetemeka, akasema moyoni "basi, imetosha", ajue kabla ya jua kuzama ni wapi pa kwenda kukaa na wenzake.

Leo hajui, na hana wa kumuuliza. Kila baa na kila grosari halali ya jiji hili ina leseni ya vileo kutoka kwenu, imewekewa fremu na kutundikwa juu ya kaunta. Nikienda kwa afisa biashara nikamuuliza kata yake ina baa ngapi, atafungua faili. Nikimuuliza walioacha pombe wanakutania wapi, atanitazama kama mtu aliyekosea mlango. Simlaumu, hakuna aliyewahi kumkabidhi faili hilo.

Mikutano yenyewe ipo. Ni michache, imetawanyika, mingine inaendeshwa kwa Kiingereza, na habari zake zinapita kwa kunong'onezana. Wengi wetu tuliifikia kwa bahati: shemeji aliyemjua mtu, padri aliyekumbuka chumba kilichoazimwa, nesi aliyekuwa na kaka yake humo. Na bahati, waheshimiwa, haimfikii anayeihitaji zaidi, kwa sababu huyo ameshaachana na mashemeji na makaka siku nyingi.

Niwaeleze kidogo mle ndani kukoje, kwani najua wengi mnafikiria mahubiri. Ni saa moja au moja na nusu. Kuna chai ya rangi kwenye chupa, na siku njema kuna kashata. Mmoja wetu anaongoza, wiki ijayo anaongoza mwingine. Anayetaka kusema anataja jina lake la kwanza, anasema yeye ni mlevi, kisha anaeleza yake: alivyokuwa, kilichotokea, leo yukoje. Hakuna anayemjibu wala kumshauri wala kumsahihisha. Asiyetaka kusema anakaa kimya na hakuna anayemuuliza. Kikapu kinapita kwa ajili ya chai na pango la chumba, mwenye nacho anatia, asiye nacho anapitisha. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Hakuna fomu, hakuna ada, hakuna anayekupima mdomo mlangoni.

Desturi hii haikuzaliwa Temeke, na chanzo chake kinahusiana na ombi langu moja kwa moja. Mei 1935 dalali mmoja wa hisa kutoka New York, anayejulikana kama Bill W., alikwama katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, biashara iliyompeleka huko ikiwa imeharibika. Alikuwa na miezi mitano hivi bila pombe. Pale hotelini, baa ilikuwa upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji ule. Akaenda kwenye simu. Hakuwa akitafuta daktari wala mhubiri, alitaka mlevi mwingine wa kuzungumza naye, kwa sababu alishagundua kwamba akizungumza na mlevi mwenzake kiu hupungua. Simu zile zikamfikisha hatimaye kwa daktari wa upasuaji aliyekuwa ameshindikana kwa ulevi, Dr. Bob. Daktari alikubali kumpa dakika 15 tu, wakazungumza zaidi ya saa sita. Dr. Bob alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na hiyo ndiyo siku ambayo AA, yaani Alcoholics Anonymous (walevi wasiotajwa majina), inaihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa.

Angalieni ile orodha iliyokuwa karibu na simu. Iliandikwa na mtu ambaye hakujua wala hakukusudia atamsaidia nani. Kama isingekuwepo, Bill W. angeingia baa. Ndiyo kazi ninayowaombeni: mtu akisimama katikati ya ukumbi, upande wa pili kuwe na kitu cha kusoma.

Mtasema, je, mikutano hiyo inafanya kazi kweli, au ni maneno ya kufarijiana? Swali la haki. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, ulipitia tafiti 27 zenye washiriki 10,565, nyingi za Marekani. Kwa makadirio ya wapitiaji wale, waliotibiwa kwa mpango wa kuwaunganisha na AA, 42 kati ya kila 100 walikuwa hawajanywa hata tone baada ya mwaka mmoja, wakati kwa tiba nyingine za mazungumzo walikuwa 35. Sitawapakia rangi tarakimu hizo. Zaidi ya nusu walikunywa, na katika kundi letu pia wapo waliokwenda na hawakurudi. Lakini kwa ugonjwa huu, watu saba zaidi katika kila mia ni watu saba waliorudi nyumbani wakiwa wanatembea kwa miguu yao, tena kwa gharama ya viti na chai.

Someni tena sentensi ile, "mpango wa kuwaunganisha". Matokeo yale hayakuja kwa daktari kumwambia mgonjwa "nenda huko kwenye mikutano". Mtaalamu alikuwa na kazi ya kumwandaa mgonjwa, kumpeleka, na kumuuliza wiki inayofuata kama alikwenda. Kuna utafiti mdogo wa Marekani ambao mimi ningeuweka kwenye fremu kando ya leseni za baa. Mwaka 1981 watafiti wawili, Sisson na Mallams, walichukua wagonjwa 20 wenye tatizo la pombe. Kumi walipewa maelezo ya mikutano na kuhimizwa wahudhurie. Kumi wengine, mshauri alimpigia simu mwanachama wa kundi papo hapo mgonjwa akiwa ameketi mbele yake, wakapanga amfuate na waende pamoja. Wale wa kwanza hakwenda hata mmoja. Wale wa pili walikwenda wote.

Utafiti wa watu 20 si msahafu, najua. Ila yeyote aliyewahi kusimama nje ya mlango wa mkutano wa kwanza ataniunga mkono. Mlango ule ni mzito. Unazunguka jengo mara mbili, unajifanya unaongea na simu, unanunua maji usiyoyataka kwa muuza genge. Ukiwa na mtu anayekusubiri kwa jina, unaingia. Ukiwa peke yako na karatasi mfukoni, unakumbuka kuna ndugu Tandika hujamsalimia siku nyingi.

Sasa niseme kuhusu hospitali zenu, na sitaitaja yoyote, kwa kuwa hadithi yangu ingeweza kutokea kwenye jengo lolote. Nililazwa nikiwa natapika damu. Nilitibiwa vizuri, sina lawama: nilitundikiwa dripu, nikapewa dawa za tumbo, manesi wakaninyoa ndevu. Siku ya kuruhusiwa daktari kijana, mpole, akanitazama usoni akaniambia, "Mzee, pombe uache." Nikamwambia, "Nimekuelewa, daktari." Tukaagana. Kituo cha daladala kilikuwa hatua chache kutoka getini na grosari ilikuwa kabla ya kituo. Kijana yule alisema kweli tupu, na alikuwa amefika mwisho wa alichokuwa nacho. Angekuwa na namba ya mtu mmoja ukutani, angeipiga.

Tena kwa hospitali kuna jambo kubwa kuliko adabu ya kuelekezana. Mlevi wa kila siku akikata ghafla anaweza kufa. Watu hawalijui hili, na wanaolijua hawalisemi kwa sauti. Mtetemeko, jasho na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa chache. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani na watu wasiokuwepo, homa ikapanda. Nyumbani husemwa karogwa, au kapandwa na mapepo, na anapelekwa kwa mganga wakati alihitaji diazepamu chini ya uangalizi, maji, na vitamini B1. Sisi kwenye kundi si madaktari na haturuhusiwi kujifanya. Akija mgeni mwenye hali hiyo, tunamchukua bajaji kwenda kituo cha afya, na mara nyingine tunapokewa kwa maneno: "Huyu si mlevi tu? Mrudisheni akalale."

Na hapa jijini kuna msimu wake, nao mnaujua. Kabla ya Ramadhani watu huvunja jungu. Wanakunywa siku mbili tatu kama vile pombe itakwisha duniani, kisha mwezi ukiandama wanakata kwa mara moja. Kwa mnywaji wa kawaida ni uchovu tu. Kwa aliyekuwa akizimua kila alfajiri ili mikono itulie, siku ya tatu ya funga ni siku ya hatari. Ningependa Mganga Mkuu wa Mkoa awakumbushe walio zamu kwenye vituo vya afya, wiki ile, dalili za mtu aliyekatishwa pombe ghafla. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha. Na kwa wale wanaofunga mwezi mzima bila kunywa, wapo wengi ambao Idi ndiyo inawarudisha, na wangependa sana mtu awaambie kwamba kuna mahali pa kuendelea.

Chumba, basi. Ofisi za serikali zinafungwa saa 9:30 alasiri. Mikutano yetu ni saa 11 jioni na kuendelea, mtu akishatoka kazini na kupambana na foleni. Hivyo vyumba tunavyovihitaji ni vile ambavyo ninyi mmeshavifunga na kwenda nyumbani: ukumbi wa ofisi ya kata, benchi za mapokezi ya wagonjwa wa nje kwenye zahanati. Wengi tunakutana kwenye vyumba vya makanisa, na Mungu awabariki waliotupa. Lakini mitaa mingi ya jiji hili ni ya Waislamu, na Muislamu anayekunywa anabeba siri mbili. Mwiteni kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, kesho mtaa mzima wa Buguruni una habari kwamba kabadili dini, na hiyo ya pombe haitatajwa hata kidogo. Kwenye mikutano Mungu anatajwa kwa namna kila mtu anavyomwelewa, hakuna anayesilimishwa wala kubatizwa, lakini jengo lina ulimi wake. Ukumbi wa serikali hauna dini, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwetu.

Wanawake nao. Mwanaume akilewa mtaani anachekwa, mwanamke akilewa anahukumiwa, watoto wake wakihesabiwa pamoja naye. Wapo wanaokunywa chumbani, mlango umefungwa, kwenye kikombe cha chai. Hao hawatakuja kwenye chumba chenye wanaume kumi na wawili wanaowatazama. Wanahitaji mkutano wao, mchana, karibu na mahali ambapo mama anaweza kusingizia ameenda kliniki. Msinicheke, hicho kisingizio ni cha muhimu. Kituo cha afya kinamstiri kuliko jengo lingine lolote.

Nimefika kwenye mwiko. AA ina mapokeo 12, yaliyopitishwa kwenye mkutano wao mkuu wa Cleveland mwaka 1950. Moja linasema kila kundi lijitegemee na likatae michango kutoka nje. Lingine linakataza kuliazimisha jina la AA kwa taasisi au shughuli yoyote. Lingine linataka wanachama wabaki bila kutajwa kwenye magazeti na redio. Si maringo. Palipo na fedha kutazuka ugomvi wa fedha, na palipo na sura maarufu, siku sura hiyo ikilewa tena, watu mia wataamini kwamba jambo lenyewe ni uongo.

Sasa pelekeni mapokeo hayo kwenye ofisi ya mtaa. Sisi tulipeleka. Mwenyekiti, mzee wa heshima, alitukaribisha viti.

"Kikundi chenu kimesajiliwa, wanangu?"

"Bado, mzee."

"Katiba mnayo?"

"Hatuna, mzee."

"Mwenyekiti wenu ni nani?"

"Hatuna mwenyekiti. Tunapokezana kuongoza."

"Basi nileteeni orodha ya wanachama, majina matatu matatu na namba za simu."

"Mzee, majina matatu hatujuani."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sasa mtendaji akiniuliza mle ndani mna kina nani, nimjibu nini?"

Alikuwa na haki kabisa. Kundi lisilo na kiongozi, lisilo na katiba, linalokutana jioni na kukataa kutaja majina, linaweza kuwa upatu, kanisa jipya, au watu wanaopanga jambo la siasa. Hakutufukuza, alituambia turudi tukiwa na karatasi. Hatujarudi, kwa sababu karatasi anayoitaka ndiyo ile ambayo ikiwepo, nusu ya watu wetu hawaji. Kuna mwalimu humo. Kuna dereva wa gari la abiria. Kuna mtu ambaye mkewe anadhani anakwenda kwaya.

Njia ipo na haivunji sheria yenu wala mwiko wetu. Tuchukulieni kama wapangaji wa ukumbi. Mtu mmoja kati yetu, aliye tayari kujulikana, na wapo, aandike jina lake kamili kama mpangaji, apewe kontroli namba, alipe pango la saa moja na nusu kila wiki kama anavyolipa mwenye sherehe ya kipaimara, achukue risiti. Pango liwe dogo lakini liwepo, bure hatutaki. Mtendaji wa kata awe na haki ya kufungua mlango wakati wowote kuhakikisha hatupiki gongo. Asidai tu orodha ya walioketi. Waraka mmoja kutoka ofisi ya Mkuu wa Mkoa, ukisema mikutano ya kusaidiana kuacha pombe ipangishiwe kumbi za umma bila kudaiwa orodha ya wahudhuriaji, ungemwondolea yule mzee mzigo. Nadhani ndicho alichokuwa akikitafuta alipovua miwani.

Mtu atashauri tufanye mambo kwa simu, ni rahisi zaidi. Tulishafikiria. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu anaona namba ya kila mtu, na ukijifanya unatuma fedha kwa namba hiyo, jina kamili linatokea kwenye kioo. Ndiyo maana kikapu chetu bado kinataka sarafu.

Kuna jambo moja nawaomba mlizingatie mkipanga, kwa kuwa najua namna mnavyopanga: kata kwa kata. Msimpangie mlevi wa Manzese mkutano wa Manzese. Hatakwenda. Atapanda mwendokasi mpaka Kivukoni avuke feri kwenda Kigamboni, ilimradi asikutane na jirani. Waliotumia dawa za VVU miaka ya mwanzo walifanya hivyo hivyo, wakiruka kliniki tatu kufika ya nne, na watu wenu wa afya wanakumbuka. Kwa hiyo orodha iwe ya jiji zima, halmashauri zote tano kwenye karatasi moja: siku, saa, mahali, lugha, na kama ni mkutano wa wazi au wa wanachama peke yao. Ibandikwe kwenye mapokezi ya kila hospitali na kituo cha afya. Wapewe wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Na wapokea simu wa namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo mtu anaipiga bila malipo hata akiwa hana salio, wawe nayo mezani. Makundi yenyewe yatawaletea mabadiliko kila yanapohama chumba, hilo naweza kuwaahidi kwa niaba ya langu tu, kwa sababu kwetu hakuna msemaji wa wote.

Kwa nini nadhani mnaweza? Kwa sababu mlishafanya gumu kuliko hili. Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili kwa watumiaji wa heroini, wakati nchi nyingi za bara hili zilikuwa hazitaki hata kulisikia neno hilo, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Watu tuliowaita mateja, tuliokuwa tukivuka barabara kuwakwepa, wakaanza kupanga foleni kila asubuhi kunywa dawa yao, na wengine leo ni waelimisha rika wanaowafuata wenzao vijiweni. Arosto ya teja ina kliniki. Mtetemeko wa mlevi una "uache, mzee". Najua sababu: mamlaka ya dawa za kulevya inashughulika na vitu haramu, na pombe ni halali, ina kodi na matangazo. Hivyo mlevi anabaki wa kila mtu na si wa mtu yeyote.

Mwaka 2017 viroba, vile vifuko vya pombe kali, vilipigwa marufuku kuanzia Machi mosi, nami niliunga mkono, ingawa wakati huo nilikuwa navitumia. Vijana wengi walinusurika kuanza. Sisi tuliokuwa tumeshazama tulihamia kwenye chupa ndogo wiki ile ile. Marufuku inamzuia anayekuja, na aliyekwishafika anahitaji njia ya kutokea. Ya dawa za kupunguza kiu, kama naltreksoni na akamprosati, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023, nawaachia Wizara. Vilevile ule mtihani wa maswali 10 wa kupima unywaji wa mtu, AUDIT, ambao Kiswahili chake kimeshapimwa kwa wagonjwa kule Moshi: nesi anaweza kuuliza huku akisubiri kipimo cha presha.

Na familia. Al-Anon, mikutano ya ndugu na wenza wa walevi, ilianza rasmi Marekani mwaka 1951, kwa sababu wake waliokuwa wakiwasindikiza waume zao waligundua kwamba na wao wameugua. Mama yangu alikaa miaka akinisubiri dirishani na hakuna aliyemuuliza hali yake. Orodha ikiandikwa, waachieni mstari.

Tafadhali msizindue. Nalisema kwa heshima zote. Msije na fulana, keki, wala mkuu wa itifaki, na kamera zibaki ofisini. Ila kuna mikutano ya wazi, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuketi na kusikiliza, awe mlevi au la. Njooni kwenye mmoja wapo, mmoja mmoja, bila gari la serikali kuegeshwa mlangoni. Hamtaombwa kusema neno la shukrani. Mtapewa chai, na mkitaka kutia sarafu kwenye kikapu mtarudishiwa, kwa kuwa ninyi ni wageni.

Najua ni vigumu kumjibu mtu asiyetia jina lake kwenye barua. Jibu likiwa tayari, libandikeni kwenye ubao wa matangazo wa hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Mwananyamala na Temeke. Mmoja wetu hupita hapo kila wiki, na mkiandika mnataka kuonana na mtu kuhusu kumbi, taja siku na saa, atakuja mwenye jina na kitambulisho cha taifa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwanachama mmoja, Temeke

Nakala: Wenyeviti wa mitaa wote wa Mkoa, hasa mzee mwenye miwani.